Nyuzi ngapi za joto, programu ipi: mwongozo wa kufua kwa mashine kwa maji ya Ziwa Victoria

Mashine nyingi za kufulia zinazouzwa Mwanza ziliundwa na watu waliokuwa wakifikiria maji ya baridi kuliko ya kwetu. Vipimo vya maabara vya mashine hizi hufanywa kwa maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 15 hivi, na kwenye nchi za baridi maji ya bomba hushuka chini ya hapo. Maji ya juu ya ziwa letu huwa kati ya nyuzi 23 na 27 karibu mwaka mzima, na yakikaa kwenye simtanki linalopigwa na jua mchana kutwa huweza kupita 30. Kwa hiyo ukiwa Kirumba au Nyegezi na ukachagua 20, unafua kwa 25 au zaidi, maana mashine ina hita lakini haina kitu cha kupozea maji. Ukichagua 30, hita itawaka kidogo tu, na siku ya jua kali huenda isiwake kabisa.

Jambo hilo linabadilisha hesabu nzima ya kuchagua joto. Ushauri wa "fua kila kitu kwa 40" umetoka kwa watu ambao maji yao ya bomba yanatia vidole ganzi. Hapa nguo nyingi za kila siku hutakata bila hita. Joto la kulipia liwekee akiba nguo chache zinazolihitaji kweli: taulo, shuka, nepi, vitambaa vya jikoni, nguo za mgonjwa, na nguo zilizoingia mafuta ya samaki.

Kwanza ijue mashine uliyonayo

Kuna aina tatu majumbani, na kila moja ina uhusiano wake na joto.

Mashine ya mlango wa mbele karibu zote zina hita ndani, kwa kawaida ya wati 1,800 hadi 2,200, na huingiza maji kwa mpira mmoja tu, wa baridi. Hii ndiyo unayoweza kuiamuru 40, 60 au 90 ikatii.

Mashine ya otomatiki ya mlango wa juu nyingi hazina hita. Nyuma utaona matundu mawili ya maji, la baridi na la moto. Maandishi ya "Hot" na "Warm" kwenye paneli hayachemshi chochote. Yanafungua tundu la maji ya moto tu. Kama tundu hilo halijaungwa kwenye hita ya maji ya nyumba, mashine itasubiri maji yasiyokuja, kisha italeta alama ya hitilafu ya maji. Watu wengi huita fundi kwa sababu hii, ilhali dawa ni kuchagua "Cold". Kama umeunga maji ya moto, yasizidi nyuzi 60, na ni vizuri zaidi yakiwa 50, kwa ajili ya mipira na vali.

Mashine ya matangi mawili, upande wa kufua na upande wa kukamua, haina hita na haina akili ya joto. Joto ni lile unalomimina. Kwa watu wengi hii ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu haitegemei presha ya bomba wala haimezi umeme, na tutaona namna ya kuichanganyia maji.

Joto linafanya kazi gani ndani ya pipa

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza kwamba kusafisha kunategemea mambo manne: sabuni, joto, msuguano na muda. Ukipunguza kimoja, kingine lazima kiongezeke, la sivyo nguo haitakati. Ukishika hilo, programu zote za mashine zinaeleweka. Programu ya haraka imepunguza muda, kwa hiyo ni ya nguo chache zisizo na uchafu mwingi. Programu ya "Eco 40-60" imepunguza joto, kwa hiyo inakwenda saa tatu na zaidi. Programu ya nguo laini imepunguza msuguano, kwa hiyo usiitegemee kutoa tope.

Sabuni za kisasa za unga zina vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinavyovunja damu, maziwa, jasho, wanga na mafuta. Hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 50. Ukipandisha maji haraka juu ya 60, vinaharibika kabla havijamaliza kazi. Doa la damu, yai au maziwa likikutana na maji ya moto moja kwa moja hupikwa kwenye uzi na kugoma kutoka. Ndiyo maana nguo yenye damu hulowekwa kwanza kwenye maji baridi nusu saa, ndipo iingie kwenye mashine.

Mafuta ni kinyume chake. Mafuta ya kupikia, grisi ya injini ya boti, mafuta ya sangara: haya hulegea kadiri maji yanavyopata joto, na 40 hadi 60 ndipo sabuni inapoyashika vizuri.

Dawa ya kung'arisha ya oksijeni, ile iliyomo kwenye sabuni nyingi za unga, huanza kuwa na nguvu ya kweli kuanzia 40. Sabuni ya maji kwa kawaida haina dawa hiyo, ndiyo maana mashati meupe yanayofuliwa kwa sabuni ya maji peke yake, tena kwa baridi, baada ya miezi kadhaa huwa na rangi ya majivu.

Wadudu wa vumbi la kitandani hufa maji yakifika 55 hadi 60. Kwa mtu mwenye pumu au mzio, shuka na foronya zifuliwe 60 kila wiki. Hapa usibane matumizi.

Gharama ya kila nyuzi

Chukua mashine ya kilo 7 inayotumia kama lita 15 kwenye hatua ya kufua, maji yakiingia na nyuzi 25. Kuyapandisha hadi 30 kunahitaji uniti 0.09 za umeme. Hadi 40, uniti 0.26. Hadi 60, uniti 0.61. Hadi 90, uniti 1.13. Hiyo ni hesabu ya maji peke yake. Nguo na chuma cha pipa navyo hunywa joto kidogo. Mota na pampu kwa mzunguko mzima huongeza uniti 0.1 hadi 0.2.

Tukihesabu uniti moja kwa shilingi 356 pamoja na kodi, kupasha hadi 40 ni kama shilingi 93, hadi 60 ni 217, hadi 90 ni zaidi ya 400. Anayefua kila siku kwa 60 bila sababu anachoma zaidi ya shilingi 6,000 kwa mwezi kwa joto tu. Na anayeogopa kabisa kutumia 60 kwa ajili ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, akafua hata taulo za familia kwa baridi, anaokoa shilingi mia mbili kwa mzigo na kupata taulo zinazonuka zikilowa. Hiyo si akiba.

Hatua za kuchagua, moja baada ya nyingine

1. Soma lebo ya nguo. Namba ndani ya alama ya beseni ni kikomo, si agizo: 40 maana yake usivuke 40, na 25 ni sawa kabisa. Kama kuna nukta badala ya namba, moja ni 30, mbili ni 40, tatu ni 50, nne ni 60. Mstari mmoja chini ya beseni unataka programu ya upole, mistari miwili upole zaidi. Mkono ndani ya beseni ni kufua kwa mkono. Beseni lenye msalaba halifuliwi kwa maji. Nguo za mtumba mara nyingi lebo imekatwa. Zichukulie kama sintetiki, nyuzi 30, mpaka uzifahamu.

2. Chagua programu kwa kitambaa. Pamba huvumilia msuguano na kukamuliwa kwa kasi. Poliesta haivumilii kukunjwa ikiwa moto. Sufu hujikunja na kusinyaa ikisuguliwa.

3. Ndipo uchague joto kwa aina ya uchafu. Watu wengi hugeuza kitufe cha programu na kuishia hapo, wakikubali joto lililowekwa kiwandani. "Cotton" kwenye mashine nyingi huja na 40 au 60 tayari. Bonyeza "Temp" ushushe.

4. Pima mzigo. Kilo 7 zilizoandikwa mlangoni ni za pamba kavu tu. Kwa pamba, jaza hadi kiganja chako kipite kikiwa kimesimama kati ya nguo na dari ya pipa. Kwa sintetiki, nusu ya pipa. Kwa nguo laini, theluthi. Jinzi moja ya mtu mzima ni gramu 600 hadi 800 na taulo kubwa la kuogea ni nusu kilo na zaidi, kwa hiyo jinzi nne na taulo nne tayari zinakaribia kilo 5.

5. Pima sabuni. Maji ya ziwa ni laini, yana chokaa kidogo, na maji laini hutoa povu upesi. Kwa mzigo kamili wa kilo 7 wenye uchafu wa kawaida, gramu 60 zinatosha, ambazo ni vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa. Kwa nusu mzigo, vijiko vitatu hadi vinne. Nyumba inayotumia maji ya kisima kirefu ijaribu kwanza: weka maji kwenye chupa hadi nusu, kwangulia kipande kidogo cha sabuni ya mche, tikisa. Povu likisimama, maji ni laini. Yakigeuka ya maziwa na utando juu, ni magumu, na hapo ongeza theluthi moja ya sabuni.

6. Chagua kasi ya kukamua mwishoni. Kwa jua la Mwanza, mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika inatosha kwa pamba. Wakati wa mvua, nguo zinapokaa kwenye kamba hadi jioni, panda 1,200 au zaidi. Sintetiki 800, nguo laini 400 hadi 600.

Programu unazozikuta kwenye paneli

"Cotton" ndiyo farasi wa kazi: maji ya kutosha, pipa linazunguka muda mrefu, kukamua kwa nguvu. Ukiiweka "Cold" au 20 unapata programu bora kuliko zote kwa nguo za kila siku hapa: msuguano kamili na muda kamili, bila hita. Fulana, kaptura, magauni ya pamba, nguo za ndani zisizo na uchafu mkubwa, zote humo.

"Eco 40-60" huwachanganya wengi. Ndiyo programu inayotumika kupimia lebo ya umeme ya Ulaya, iliyobadilishwa Machi 2021, na ilitungwa ili nguo za pamba za 40 na za 60 zifuliwe pamoja kwa umeme kidogo. Ndani ya pipa joto lake mara nyingi halifiki hata 40. Kule ambako maji huingia na nyuzi 10 ina maana kubwa. Kwetu faida yake ni ndogo zaidi, kwa sababu "Cotton" ya baridi inatumia umeme mdogo kuliko hiyo na inamaliza mapema. Na usiitumie kwa kazi ya kuua wadudu wa vumbi la kitandani. Jina lina 60 lakini maji hayafiki huko.

"Synthetics" huchukua maji mengi zaidi kwa kila kilo na kupoza polepole kabla ya kukamua ili kitambaa kisipate makunyanzi ya kudumu. Sare za poliesta, jezi, suruali za ofisini, mapazia mepesi. Baridi au 30. Jezi na nguo zenye mpira wa kunyumbulika zisivuke 40, na zisiwekewe dawa ya kulainisha nguo, maana hufunika nyuzi za kitambaa na kuzuia jasho kutoka.

"Quick" ya dakika 15 au 30 ni ya kilo 2 hivi, nguo iliyovaliwa mara moja na haina doa. Kuijaza pipa zima ni kuzilowesha nguo na kuzirudisha na sabuni yake. Ukiitumia, punguza sabuni hadi vijiko viwili.

"Delicates" na "Wool" tumia baridi, sabuni ya maji, mzigo mdogo. Sweta za sufu ni chache huku, lakini zikiingia "Cotton" 60 zitatoka na ukubwa wa mtoto.

"Baby Care", "Allergy" na zinazofanana nazo huanzia 60 na kusuuza mara ya ziada. Zina maana kwa nepi na nguo za mtoto mchanga. Mashine isiyo nazo, weka "Cotton" 60 kisha ongeza "Rinse" moja.

Nguo za kwetu zenye mahitaji yake

Nguo ya mtu anayeshika dagaa au samaki haitaki kuanzia kwenye maji ya moto. Harufu ile inatokana na kemikali zenye asili ya alikali, na asidi kidogo inazituliza. Chini yake kuna ute na damu ambavyo ni protini, na chini zaidi kuna mafuta. Kila kimoja kina zamu yake. Kung'uta magamba nje, maana yakiingia kwenye mashine huishia kwenye chujio la pampu. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Loweka dakika 30 kwenye ndoo ya lita 10 yenye siki nyeupe mililita 200. Suuza tena, kisha fua "Cotton" 40, au 60 kama lebo inaruhusu, kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Siki ibaki kwenye ndoo. Ikizoeshwa ndani ya mashine hula mipira. Na kabla ya kuanika nusa kwapa na viwiko nguo ikiwa bado mbichi. Kama harufu ipo, rudia, kwa sababu jua na pasi huigandisha.

Kanga na vitenge vipya vifuliwe peke yake mara mbili tatu za mwanzo, maji baridi, vimegeuzwa ndani nje, kasi ya kukamua 800. Kabla ya kuvichanganya na nguo nyingine, vipime: lowesha pembe ya kanga, iweke juu ya kitambaa cheupe, bonyeza kwa pasi yenye moto wa wastani kwa sekunde 10. Kitambaa kikipata rangi, bado. Chumvi na siki havizuii kanga kutoa rangi, hata kama wengi wamelelewa wakiambiwa hivyo. Kinachozuia ajali ni maji baridi, kufua upesi na kutoiacha kanga mbichi imelala kwenye pipa baada ya programu kuisha. Hapo ndipo rangi huhamia kwenye nguo ya jirani.

Mashati meupe ya shule: paka sabuni ya mche kwenye kola na mikono, sugua kwa brashi laini, acha dakika 15, kisha "Cotton" 40 kwa sabuni ya unga. Hapa 40 inastahili kulipiwa, kwa sababu ya ile dawa ya oksijeni. Kama shati ni poliesta na pamba, tumia "Synthetics" 40. Tope jekundu acha likauke, lipige brashi, ndipo ulifue. Usilimiminie Jik: udongo mwekundu una chuma, na klorini huligandisha doa la chuma badala ya kulitoa. Jik isikutane na siki wala asidi yoyote, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba cha kufulia mara nyingi ni kidogo na hakina dirisha.

Chandarua chenye dawa kisiingie kwenye mashine kabisa. Kifue kwa mkono, maji baridi, sabuni ya mche isiyo kali, bila kuloweka muda mrefu, na si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Kisha kianike kivulini. Vyandarua vya dawa ya kudumu vimeundwa kustahimili kufuliwa hivyo mara 20 hivi. Msuguano wa mashine na sabuni kali huondoa dawa na kuchana matundu, na mbu wa pembeni mwa ziwa hawahitaji tundu kubwa.

Kuchanganya maji kwa mashine ya matangi mawili

Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 96 badala ya 100. Kwa hesabu hiyo, lita 5 zilizochemka ukichanganya na lita 15 za bomba zinakupa kama 43, na zikishafika kwenye tangi na nguo zake, 40. Lita 10 za moto na 10 za baridi zinakupa 60.

Mimina ya baridi kwanza, kila mara. Maji ya moto yakitangulia yanakunja plastiki ya tangi na kulegeza mpira wa chini. Mashine nyingi za aina hii hazipendi zaidi ya 50, kwa hiyo kazi ya 60 ifanyie kwenye beseni: loweka taulo au nepi dakika 20 kwenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu, maji yapoe mpaka mkono ustahimili, ndipo uhamishie nguo kwenye mashine kwa maji mapya ya baridi. Dakika 12 za kufua zinatosha. Funika beseni, na liwe mbali na watoto.

Umeme na presha

Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Soketi iwe ya ampea 13 iliyoungwa vizuri, yenye ethi, na mashine ichomekwe moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba itapata moto kabla ya nguo.

Jioni umeme ukishuka hadi volti 190, hita hiyo hutoa wati 1,365 tu, kwa sababu nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Kupasha kunachukua mara moja na nusu ya muda wake, na ndiyo maana namba ya dakika kwenye kioo husimama palepale. Mashine haijaharibika. Fua mizigo ya 60 asubuhi au mchana, na mizigo ya baridi jioni. Mwenye inveta ya sola achague baridi tu: mota peke yake ni wati mia chache, ila hita inamaliza betri.

Umeme ukikatika katikati ya programu ya moto usilazimishe mlango. Acha maji yapoe. Mashine nyingi huendelea zilipoishia umeme ukirudi.

Kwenye presha, kila mita moja ya urefu wa tangi juu ya mashine inatoa kama baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Tangi la mita 3 linatoa 0.3, na hapo ndipo mashine nyingi zinaanzia, nyingine zinataka 0.5. Kwenye nyumba za vilimani, Bugarika kwa mfano, presha hiyo hupatikana kwa pampu ndogo au kwa kuinua tangi.

Yanayoharibika, na kwa nini

Maji yakirudi baada ya mgao huja na tope na kutu. Fungulia bomba la nje kwanza mpaka yatoke safi, ndipo ufungue koki ya mashine. Ukikuta alama ya IE kwenye LG au 4C kwenye Samsung, mara nyingi ni chujio la kuingilia maji. Funga koki, chomoa waya, fungua mpira wa nyuma kwa mkono ukiwa na kitambaa chini. Ndani ya tundu kuna kikapu kidogo cha plastiki chenye wavu, kina ulimi katikati. Kivute taratibu kwa koleo, usikipinde. Utakuta mchanga mwembamba wa kahawia umeshika upande mmoja. Kisugue kwa mswaki wa zamani, kirudishe, kaza kwa mkono, fungua koki na utazame dakika moja kama kunavuja.

Povu kuvuka kiasi ni ugonjwa wa sabuni ya kufulia kwa mkono iliyowekwa kwenye mashine ya mlango wa mbele. Povu hufanya mto kati ya nguo na pipa, msuguano unapotea, pampu inavuta hewa, na mashine inaongeza kusuuza hadi saa tatu. Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ya mashine ya otomatiki. Povu likiwa limeshajaa, simamisha, weka "Rinse" na "Spin" bila sabuni.

Harufu ya uvundo kwenye nguo safi ndiyo bei ya kufua baridi siku zote. Mafuta ya mwili na mabaki ya sabuni hujenga utando nyuma ya pipa na kwenye mikunjo ya mpira wa mlango. Mara moja kwa mwezi endesha "Tub Clean", au "Cotton" 90 bila nguo, na vijiko vitano vya sabuni ya unga yenye dawa ya oksijeni. Baada ya kila kufua futa mikunjo ya mpira, chini hasa, na acha mlango na droo ya sabuni wazi kidogo. Wanaotumia kisima chenye maji magumu, wakiona birika lao la umeme lina ukoko mweupe, wajue hita ya mashine inao pia: gramu 100 za sitriki asidi, nyuzi 60, pipa tupu, kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo Jik isitumike.

Mashine ikitetemeka na kuleta UE au UB, mzigo umekaa upande mmoja. Shuka moja zito peke yake hufanya hivyo. Ongeza taulo mbili usawazishe.

Maji yakigoma kutoka, OE kwa LG na 5C kwa Samsung, fungua kifuniko kidogo cha chini mbele. Hakikisha maji yamepoa. Laza beseni bapa, vuta kimpira chembamba na umwage yaliyobaki, ndipo uzungushe chujio kinyume cha saa, taratibu. Sarafu, vibanio vya nywele, magamba ya samaki na nyuzi za kanga ndivyo hukaa hapo. Chungulia kwa tochi kama panka la pampu linazunguka huru ukiligusa kwa kijiti. Rudisha chujio, kaza mpaka ligome, mimina lita moja ya maji kwenye droo ya sabuni, na pitisha kidole chini ya chujio kuangalia kama kuna unyevu kabla ya kufunga kifuniko.